Nani Arudi Kwanza: Yaliyotukuta Marubani wa Arusha Baada ya Kupunguzwa Kazini

Vijana wanaoanza urubani hapa Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, huniuliza ilikuwaje mwaka 2020 na 2021, nami nimekuwa nikiwajibu vipande vipande wakati wa chai. Sasa naandika yote kwa pamoja, maana mikataba wanayosaini leo ina mapengo yaleyale yaliyotutesa sisi.

Mimi narusha Caravan, ndege ya injini moja inayopeleka watalii Manyara, Seronera, Kogatende na viwanja vingine vya vumbi mbugani. Kwenye kampuni yetu rubani alikuwa mmoja tu kwa kila safari. Kampuni yenyewe sitaitaja. Mwaka ule nusu ya mji ulipoteza kazi: madereva wa watalii, wapishi wa kambi, wapagazi wa mlimani. Tofauti yetu na wao ni kwamba rubani akikaa nyumbani, leseni yake nayo inaendelea kuhesabu siku.

Wageni walianza kufuta safari Machi. Tarehe 16 mwezi huo serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, naye alikuwa hapahapa Arusha, msafiri aliyeshukia KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Anga ilifunguliwa, abiria hawakuja.

Kilichotulaza usingizi ni masika. Kila mwaka Aprili na Mei kazi hushuka, kambi nyingi za Serengeti hufungwa, ndege huingizwa hanga kwa matengenezo makubwa. Kwa hiyo ofisi ilipoleta barua za likizo bila malipo, watu walisaini wamesimama, mmoja kaegemeza karatasi kwenye boneti ya pikapu, huku tunataniana kwamba Juni tutakutana kwenye foleni ya kupaa. Barua ilikuwa na aya mbili. Haikuwa na tarehe ya mwisho, haikueleza kama miezi ile itahesabiwa kwenye utumishi wetu, na haikugusa kabisa suala la nani ataitwa kwanza kazi ikirudi. Mwajiri anayetaka ukae nyumbani bila mshahara anahitaji ridhaa yako, na kabla hujaitoa ndipo unaweza kudai mstari mmoja zaidi kwenye karatasi. Ukishasaini, unabaki kuomba.

Julai, msimu ambao kwa kawaida Kogatende huwa kama stendi ya Kilombero siku ya Jumamosi, tukaitwa kikao. Ajenda: kupunguza wafanyakazi.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni kifupi, na kila rubani angepaswa kukisoma kabla hajakihitaji. Kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe maelezo yote yanayohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao juu ya mambo matano: sababu, hatua za kuepuka au kupunguza makali, njia ya kuchagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo. Hesabu vizuri. Utaratibu wa kurudishwa kazini haumo. Usipouingiza wewe kwenye mazungumzo, hakuna atakayeuingiza.

Baadhi yetu tulikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, lakini hatukufikia nusu ya marubani wote, na ili chama kitambuliwe kuwa wakala wa pekee wa majadiliano sharti kiwe na wengi katika kundi linalohusika. Hata hivyo kifungu hichohicho kinamlazimu mwajiri ashauriane na chama kilichosajiliwa chenye wanachama pale kazini, hata kama hakijafikia utambuzi huo. Ofisi ilijaribu kutuambia vinginevyo. Tulipowasomea kifungu, afisa wa chama akaruhusiwa kuingia.

Afisa mwenyewe alikuwa mzoefu wa viwanda na hoteli, mtu makini sana, ila mambo ya marubani yalikuwa mageni kwake. Jioni ya kwanza alituuliza, "Makapteni, hebu nieleweshe. Hii orodha mnayoigombania ni ya nini hasa? Kwani kazi ikiwepo si mnagawana tu safari?"

Ilituchukua muda kumwelewesha. Kwenye mashirika makubwa ya ndege, tarehe uliyoajiriwa ndiyo maisha yako. Ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utakuwa kapteni lini, utakaa mji upi, Krismasi utakuwa nyumbani au la. Tarehe hiyo inakupa namba kwenye orodha, na namba hiyo haihami. Kapteni wa miaka 20 akihamia shirika jingine anaanzia mkiani, chini ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyotangulia. Kazi ikipungua wanaanza kutoka wa chini. Kazi ikirudi wanaanza kuitwa wa juu. Kampuni ndogo kama zetu huwa hazina utaratibu huo kwa maandishi, lakini marubani wanao vichwani, na kila mmoja ana wake.

Sisi orodha tulikuwa nayo. Ilibandikwa kwenye ubao wa chumba cha marubani, karibu na chupa ya chai: majina, tarehe, namba ya leseni. Tuliiamini kwa miaka. Siku ile tulipoitazama kwa macho ya shida tukaona mambo ambayo hatukuwahi kuyaona. Wengine walikuwa wameandikiwa tarehe ya kusaini mkataba, wengine tarehe waliyoruhusiwa kurusha peke yao baada ya kukaguliwa, na kati ya tarehe hizo mbili inaweza kupita miezi minne. Tarehe moja ilikuwa imepakwa korekta na kuandikwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Tulipouliza, dada wa ofisini akasema kwa nia njema kabisa kwamba orodha ile aliitengeneza kupanga zamu za likizo ya Desemba. Haikuwa imesainiwa na mtu yeyote.

Nilipiga picha kwa simu siku hiyohiyo. Kesho yake ubao ulikuwa mtupu. Sisemi kuna aliyeficha kitu, huenda walikuwa wanasafisha, lakini picha ile ndiyo baadaye iliyokaa mezani kwa msuluhishi. Kama kazini kwako kuna orodha ya namna hiyo, ipige picha leo, halafu andika barua pepe kuuliza tarehe yako ni ipi na imetokana na nini. Jibu litakalokuja, hata likiwa la mstari mmoja, lihifadhi.

Mashauriano yalikwenda haraka kuliko ilivyopaswa, kwa sababu karibu muda wote tuliutumia kwenye pesa. Na pesa yenyewe ilikuwa ndogo. Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho ni miaka 10. Neno la kutazama hapo ni "msingi". Mapato ya rubani wa ndege ndogo yamejaa malipo ya saa za kuruka na posho za kulala mbugani, na hayo hayaingii. Mzee wetu mkongwe kuliko wote alikuwa na utumishi wa miaka 17. Akahesabiwa 10, yaani siku 70 za mshahara wa msingi. Aliikunja karatasi ya hesabu mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akauliza, "Na tutarudi kwa utaratibu gani?" Mkurugenzi akamjibu, "Mzee, hali ikikaa vizuri tutawaita, nyie ni familia." Hilo ndilo lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: kwamba kampuni itawakumbuka.

Wenzetu wa mikataba ya muda maalumu hata hiyo karatasi hawakupata. Sheria inaruhusu mikataba ya namna hiyo kwa wataalamu, na rubani ni mtaalamu, kwa hiyo kampuni nyingi huajiri kwa mwaka mmoja au miwili na kuongeza. Mikataba iliyoisha Juni 2020 ikaachwa iishe. Wengi waliondoka wakiamini hawana lolote la kudai. Lakini kutoongezewa mkataba pale ambapo ulikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa kunaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa kazi isivyo halali. Kama umeongezewa mara tatu mfululizo na tayari umepangiwa safari za Agosti, una la kusema. Tatizo ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Kijana mmoja wetu alikwenda Septemba. Akalazimika kwanza kuomba asamehewe ucheleweshaji na kueleza sababu ya kila wiki iliyopita, maombi yakakataliwa, kesi yake ikaishia mlangoni bila mtu kusikiliza kama alionewa au la.

Miezi ya nyumbani nitaipita upesi. Niliuza gari. Mke wangu alikuwa na duka la vifaa vya shule pale Mianzini, na shule zenyewe zilikuwa zimefungwa. NSSF wana fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi, na lilitusaidia. Liombe mapema, usione aibu. Aibu ilitumaliza zaidi ya njaa. Kuna kapteni aliendelea kuvaa shati jeupe kila asubuhi na kutoka nyumbani Sakina, ili majirani wasijue.

Gharama anayokuwa nayo rubani, na si wafanyakazi wengine, ni ya kubaki na sifa za kurusha. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hakikusubiri: ukiwa chini ya miaka 40 ni mwaka mmoja, ukivuka 40 na unabeba abiria peke yako ni miezi sita. Ili uruhusiwe kubeba abiria unapaswa uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Kuna ukaguzi wa uwezo, kuna ukadiriaji wa kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege bila kutegemea kuona nje. Kazini yote hayo hulipiwa na kampuni. Nyumbani unachagua kati ya daktari wa leseni na ada ya mtoto. Ushauri wangu ni ulinde cheti cha afya kwanza, kwa sababu kikiisha na ukakutwa na tatizo wakati wa kupima upya, hakuna orodha itakayokusaidia. Ukaguzi wa kuruka unaweza kusubiri hadi kuwe na ofa ya kweli, na uombe anayekutaka aulipie.

Ofa yangu ilikuja Februari 2021, kutoka kampuni moja ya pwani. Mshahara mdogo, kazi ya kweli. Pamoja na mkataba wakanitumia barua ya kusaini: kwamba sina madai yoyote ya kurudi kwa mwajiri wa zamani na nimejiondoa kwenye orodha yake. Nikampigia yule mzee wa miaka 17, ambaye ujana wake alisomea Marekani na hakuacha kufuatilia mambo ya kule.

"Hiyo ni ya zamani sana, kijana wangu," akasema. "Kule wakipunguzwa wanabaki na namba zao. Sasa mashirika mengine yanaogopa kukuajiri, yakufundishe ndege kwa gharama, halafu wa kwanza akuite uondoke. Ndiyo wanakwambia rudisha namba kwanza."

Siku ile alinieleza mengi, na nilipokuja kusoma mwenyewe nikakuta ni kweli. American Airlines iliponunua shirika la TWA mwaka 2001, marubani wengi wa TWA wakawekwa mkiani mwa orodha ya pamoja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kazi ikaanguka na wao ndio walioondoka kwa wingi. US Airways na America West zilipoungana mwaka 2005, marubani wa pande mbili wakashindwa kukubaliana namna ya kuchanganya orodha. Mwamuzi akatoa uamuzi mwaka 2007, upande mmoja ukaukataa, na mwaka 2008 ukapiga kura kukiondoa chama kilichowawakilisha na kuunda kipya. Kesi ziliendelea miaka na miaka. Waliohasimiana pale si mwajiri na mfanyakazi. Ni rubani na rubani.

Barua ile sikuisaini kama ilivyokuja. Niliwaandikia kwamba niko tayari kuahidi kukaa mwaka mmoja na kurudisha gharama ya mafunzo nikiondoka kabla, lakini sitajitoa kwenye madai ya kwingine. Wakakataa, wakamchukua mwingine. Miezi minane zaidi bila mshahara. Nyumbani tulisemeshana vibaya juu ya hilo, na mpaka leo mke wangu ana msimamo wake. Sikwambii ufanye kama mimi. Nakwambia ujue unachokitoa unaposaini, na uombe kubadili masharti kabla ya kukubali au kukataa moja kwa moja. Huko wanakohofia gharama ya mafunzo, ahadi ya muda mara nyingi inatosha.

Kazi ilianza kuchangamka katikati ya 2021. Tukasikia ndege zinaruka. Kisha tukasikia nani anazirusha: vijana wawili wenye saa chache za kuruka, na rubani mmoja aliyepunguzwa na kampuni nyingine iliyofunga shughuli. Na kulikuwa na maombi ya vibali vya kazi kwa wageni wawili. Hakuna aliyekuwa kwenye ubao wetu aliyepigiwa simu.

Hoja ya ofisi haikuwa ya kipuuzi. Yule wa kampuni iliyofungwa alikuwa ameruka mwezi uliopita, sifa zake zote hai. Sisi tungehitaji kukaguliwa upya mmoja mmoja. Vijana ni nafuu. Nami naongeza kwa haki: rubani aliyekaa mwaka mzima chini hapaswi kupewa abiria 12 na uwanja wa Kogatende wenye upepo wa ubavuni kwa sababu tu jina lake liko juu. Swali letu lilikuwa kwa nini nafasi ya kukaguliwa apewe mwingine kwanza.

Tukakutana nyuma ya baa moja Njiro kupanga, na hapo ndipo tuligawanyika. Waliotangulia kusaini walitaka tarehe ya mkataba. Walioruhusiwa kuruka mapema walitaka tarehe ya ukaguzi. Vijana walisema ukongwe ni hadithi ya wazee, waangalie uwezo. Wawili walikuwa na tarehe moja na hawakuzungumza kwa wiki kadhaa. Mmoja akasema yule aliyetoka kampuni iliyofungwa afukuzwe, mwingine akamjibu, "Naye ana watoto kama wewe, kaka. Aliyekosea ni aliyempa nafasi, siyo aliyeipokea." Tulikaa mpaka wakafunga.

Aliyetutuliza ni mzee, na yeye hakuwa na faida yoyote. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani wa ndege ya biashara inayorushwa na mtu mmoja mwisho wake ni miaka 60. Wanaoruka wawili ndio wanaofika 65. Alikuwa ametimiza 60 Mei ile. Namba moja kwenye orodha, na haruhusiwi kuirusha ndege ya orodha hiyo. Akasema, "Chukueni tarehe ya mkataba. Inaumiza wengine, lakini ndiyo yenye saini ya pande mbili. Nyingine zote mtabishana mpaka na nyie mfike sitini."

Tulifungua mgogoro CMA kwa fomu namba moja. Haulipi chochote kufungua. Kwa kuwa hatukuwa tunalalamikia kuachishwa kwetu kwa 2020 bali kuajiriwa kwa wengine, tulihesabiwa kwenye siku 60 za migogoro mingine, na tarehe tuliyojua juu ya ajira zile tuliithibitisha kwa ujumbe wa simu. Tulikuwa na picha ya ubao, kumbukumbu za kikao zenye neno "itawakumbuka", na barua ya chama kwa ofisi ya kazi kuhusu vile vibali, kwa sababu sheria ya ajira za wageni ya 2015 inataka mamlaka ijiridhishe kwanza kwamba jitihada za kumpata Mtanzania zimefanyika. Kusema kweli, naamini barua hiyo ndiyo iliyomleta mkurugenzi mwenyewe kwenye usuluhishi. Kesi yetu kwa sheria tupu ilikuwa dhaifu; "tutawakumbuka" si ahadi inayobana. Msuluhishi alitwambia hivyo kila upande ukiwa peke yake, na nadhani upande wa pili aliwaambia udhaifu wao.

Tulitoka na makubaliano ya kurasa tatu. Orodha kwa tarehe ya mkataba, waliolingana mkubwa kwa umri atangulie. Anayeitwa ana siku 14 za kujibu. Ambaye cheti chake cha afya kimeisha anapewa siku 30 za kukihuisha kabla hajarukwa. Kampuni inalipia ukaguzi wa kuruka, rubani analipia daktari. Asiajiriwe mtu wa nje kwa ndege ambayo aliye kwenye orodha anaimudu. Walioajiriwa tayari wabaki, ila wawe chini yetu. Wa mikataba ya muda maalumu tulipigania waingizwe, tukapata walioongezewa zaidi ya mara moja tu. Muda wa orodha: miaka miwili.

Niliitwa Oktoba 2021, nikiwa wa tano. Mzee alipewa dawati la kupanga safari kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani, akakaa msimu mmoja, akaenda kwao Machame.

Miaka miwili ilikwisha wawili wakiwa hawajaitwa. Mmoja anarusha Mwanza, mwingine ameacha kabisa na ana karakana Ngaramtoni. Chama sasa kina wengi miongoni mwa marubani, na tunajadili mkataba wa hali bora kati ya chama na kampuni, wenye kifungu cha kurudishwa kazini na orodha itakayosainiwa kila Januari. Kilichokwama ni ile miezi ya likizo bila malipo ya 2020, kama ihesabiwe kwenye utumishi au isihesabiwe. Ofisi inasema isihesabiwe. Tumeomba kikao kingine.